Mruka Wako Bado Umesimama, Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Najua ungeitikia "marahaba, mama" bila kunitazama, sikio lako likiwa juu kwenye bati, ukisikiliza kama yule mwizi wako ameshaingia darini. Basi nikwambie mapema kabla ujasiri haujaniisha: ameingia. Na mti ulioniagiza niukate haujakatwa. Krismasi imekuja na kupita, ndugu wamepanda kutoka mijini, wamekula, wameshuka, na mruka uko palepale nyuma ya banda la ng'ombe, na lile tundu lake, na kindi wake ndani.

Haya, nimeshasema. Mstari huo nimeufuta mara tatu, mimi ninayewashonea watu nguo za harusi hapa Moshi bila kufumua mshono. Nilidhani nikishaandika hayo nitapumua, lakini wapi.

Unakumbuka vita vyenu wawili? Mimi nikifumba macho naviona vizuri kuliko sikukuu zote za utoto wangu. Mahindi yakitoka shamba la chini, kule tambarare ng'ambo ya Kwa Sadala, tunakaa jikoni wewe na mimi na Mama tunapukuchua mpaka vidole vinauma, kisha unapanda ngazi kuyamwaga darini ili moshi wa mafiga uyalinde. Moshi ulifukuza wadudu. Kindi haukumfanya lolote. Alitembea kwenye lile tawi la mruka linaloegemea paa, akainua pembe ya bati, akaingia, akatoka na punje mdomoni, akarudi tena. Wewe chini unamhesabia makosa.

"Mchoyo huyu!" ulikuwa unafoka. "Angekuwa anakula ningemsamehe. Hali! Anakwenda kuficha!"

Mzee wa kanisa mzima, unamtukana kindi kwa Kichagga halafu unageuka kuangalia kama mchungaji hapiti njiani. Siku ile ulimrushia kandambili ikanasa juu ya bati, ukagoma kukopa ngazi kwa jirani, ukatembea na kandambili moja nyekundu na moja ya Mama ya bluu mpaka mvua iliposhusha yako. Halafu ule mtego wako wa beseni! Ulilisimamisha kwa kijiti na kamba, ukaweka mahindi chini yake, ukajificha nyuma ya mgomba na kunikanya nisicheke. Ukamnasa jogoo wa Mama. Maskini alitoka humo na kiwewe, akaacha kuwika alfajiri, Mama akawa anachelewa kukamua na lawama zote ni zako. Kindi alikuwa juu ya tawi anatutazama. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na wewe mwishowe ukacheka pia.

Lakini ulikuwa na sababu nyingine, na hiyo ndiyo inayoniuma. Walikuwepo shore wako, wale ndege wa kichwa cheusi waliokuwa wakitaga kwenye mti wa kahawa ulio karibu na dirisha lako. Kila asubuhi ulifikicha ugali wa jana ukauweka kwenye kizingiti cha dirisha, wakaja, ukaongea nao kuliko ulivyoongea na sisi. Kila kiota kilipopotea ulisema ni kindi tu, hakuna mwingine. "Anaficha chakula cha wenzake, halafu anakula watoto wao." Sikukubishia, na mimi ndiye uliyeniita mbishi wako.

Na nakumbuka jambo jingine, nalo nitalihitaji mbele, kwa hiyo nilitaje sasa. Ule ugomvi wako na Mzee Samueli, jirani yetu wa upande wa mfereji, alipogeuza maji siku ya zamu yako. Uliapa kwamba hata msibani hamtazikana. Siku moja akaja, akasimama getini bila kuingia, na mkononi jani la isale, mmea wetu wa mpakani na wa kuombea radhi, limepigwa fundo. Nilikuwa nafua karibu na mfereji. Nilikuona unavyobadilika uso: hasira, kisha aibu, kisha sijui nini. Ukaenda ukalipokea jani, ukasema neno moja tu, "Umeniweza," ukamkaribisha ndani. Jani ukalichomeka kwenye boriti ya jikoni, na jioni nilipokuuliza kama si wewe uliyesema hutasamehe, ukanijibu kwa upole, "Isale ikishafika mkononi, mama, hakuna tena cha kubishana."

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Ulikuwa kitandani, masika yamepamba moto, mvua inapiga bati hatusikilizani. Ikitulia kidogo, tunasikia miguu midogo juu. Ukanishika kiganja. "Nikiondoka, ule mruka uanguke. Kabla ya Krismasi. Watu wakija wakute dari salama, na ndege wangu wapumzike." Nikakutania, nikasema, "Baba, hata sasa unagombana na kindi?" Hukucheka. Ukasema, "Niahidi." Nikasema nakuahidi. Ukaniachia mkono, ukalala vizuri siku ile, na Mama akaniambia nimefanya jambo jema.

Ahadi yenyewe ndiyo ile. Hukuniomba kingine chochote maisha yako yote, hata hela ya dawa ulikuwa unaificha usiniombe.

Tulikuzika hapo kihambani, kwenye shamba la nyumbani, karibu na masale ya mpakani, ambapo unasikia mfereji. Kiangazi kilipokolea nikampigia Elia, yule kijana mwenye msumeno wa mashine, tukapatana Jumamosi. Nilipanda nyumbani Masama mapema. Elia, unamjua, akisema saa tatu ujipikie chai na ndizi ule kabisa. Nikakaa kwenye jiwe la kufulia kumsubiri, nikautazama ule mti kwa mara ya mwisho, kama nilivyodhani.

Kiangazi kile kilikuwa kibaya, Baba. Majani ya ng'ombe tulikuwa tunayafuata bondeni, migomba imekunja majani, ardhi imekauka mpaka kuku wa Mama wanaparura vumbi tupu. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema kiangazi cha namna hiyo kwale hutoweka, hatuwasikii mpaka mvua. Basi pale nilipokaa akatoka kwale mmoja kwenye majani makavu ya migomba, na nyuma yake vifaranga, wadogo hivi, wanaanguka kwenye kila kijiti. Akaenda chini ya mruka, akaparura, akatoa punje ya hindi. Imelainika kwa unyevu wa chini. Vifaranga wakaivamia, wengine wakadonoa wadudu waliofukuliwa pamoja nayo. Akasogea kidogo, akaparura, akatoa nyingine.

Nikajiuliza nani kamwaga mahindi pale. Mama hawezi, yeye akimpa kuku punje anaisindikiza kwa macho. Ndipo adui yako akateremka kwenye shina. Ana punje mdomoni. Akachimba kwa mikono, akaitumbukiza, akaisukuma kwa pua, akafunika na jani, akaangalia kushoto na kulia kama Mama akificha sukari wageni wakikaribia. Akaenda hatua kidogo, akaanza pengine. Hafichi pamoja, Baba. Moja huku, moja kule, chini ya kila mgomba na kila kahawa. Na alipopanda tu, kwale aliyekuwa amejibanza akatoka akaenda moja kwa moja kwenye lile jani. Nikacheka peke yangu. Mwizi anaibiwa!

Nikakumbuka na yale mahindi yaliyokuwa yakiota katikati ya kahawa kila mvua ikianza, ukitufokea sisi watoto kwamba tunachezea mbegu. Jamani, tulichapwa bure.

Elia akafika, akaweka msumeno chini. "Dada, tuanze?"

"Njoo wiki ijayo," nikamwambia.

"Kuna nini?"

"Kuna vifaranga."

"Vya kuku?"

"Vya kwale."

Akanitazama kama wanavyotutazama sisi watu wa mjini, akabeba msumeno wake akaondoka. Nikaingia ndani nikamwambia Mama mashine imeharibika. Ndivyo nilivyoanza kumdanganya mama yangu, mtu mzima mwenye watoto wangu. Wiki iliyofuata nikasema kipuri hakijapatikana. Nyingine nikasema Elia anaumwa mgongo. Uongo wangu ukawa unaota kama yale mahindi.

Kila nikipanda nilikaa kwenye lile jiwe. Mimi ni fundi cherehani, sijui mambo ya wanyama, sitajifanya. Nakwambia nilichoona. Niliona vifaranga wa kwale wanaota mabawa kwenye kiangazi ambacho sisi wenyewe tulikuwa tunakula kwa kubana. Niliona kuku wa Mama aliyekuwa ameacha kutaga akianza kushinda chini ya mruka, na baadaye Mama akaokota mayai kwenye majani ya migomba. Kule juu walikokata miti yote ya kivuli wapande mboga, sikusikia kwale. Sisemi ni kwa ajili hiyo, nasema sikusikia. Na nikaanza kuona aibu kwa jina la mchoyo tulilompa yule mnyama. Kweli anaficha. Anaficha kuliko anavyoweza kukumbuka, anaibiwa na kila mwenye ukucha, na wanaomwibia wanalea watoto wao kwa kile alichosahau. Mahindi ni yetu, lakini sisi tusingeyatoa, tungeyafungia.

Ningeishia hapo ungeweza kunisamehe haraka. Sitaki kukuletea nusu ya habari.

Vuli ikaja, ikachelewa lakini ikaja. Shore wako wakajenga. Palepale, kwenye kahawa ya dirishani, Mama akaniita nione, akanong'ona utadhani wewe umelala ndani. Mayai yalikuwa na madoa, mazuri. Nilifikicha ugali nikauweka kwenye kizingiti kama wewe. Nilijisikia mtoto mwema.

Lakini chini ya mruka kwale na kuku hawakuwa peke yao mezani. Panya nao walikuwa wanakula, Baba. Walinenepa kwenye yale majani makavu, wakazaana, tukaanza kuwaona mchana, wakaingia mpaka jikoni. Jioni moja nilimwona panya anatembea kwenye tawi la ile kahawa, nikadhani anapita tu, nikaendelea kuongea na mteja kwenye simu. Asubuhi kiota kimelala upande. Maganda chini. Shore wote wawili wanarukaruka juu ya waya wanalia, na Mama amesimama dirishani kwako, khanga ameivuta mpaka mdomoni.

"Baba yako aliyasema haya," akasema.

Nikataka kubisha. Nikataka kusema si kindi, nimemwona panya kwa macho yangu. Panya yule amelelewa na nani? Amelelewa na ghala la kindi, na ghala la kindi limelindwa na mimi. Ulikosea mhusika, Baba, lakini hukukosea msiba. Kwale wamepona, shore wamekosa watoto, na mtu aliyechagua hivyo ni mimi, bila hata kujua kwamba nachagua. Wale ndio uliokuwa ukiwaita "ndege wangu." Nililia nyuma ya banda Mama asinione.

Nikampigia Elia siku ileile. "Njoo ukate, na usinisikilize nikikwambia usubiri." Akaja, akapanda na kamba. Alipofika kwenye tundu akatulia. Akatega sikio, akachungulia.

"Dada, humu kuna watoto. Hawajafumbua macho. Nishuke au niendelee?"

Nikamtazama Mama. Mama akatazama kaburi lako. Hakuna aliyenisaidia, na Elia juu ananing'inia anasubiri jibu. Nikasema, "Kata lile tawi la darini tu, kisha shuka." Tawi likaanguka vibaya, likavunja kahawa yako ya mwisho kwenye mstari, ile uliyoipanda mwaka niliomaliza shule. Yaani hata nusu ya ahadi niliyotimiza nimeitimiza kwa hasara. Na haikusaidia: siku hizi anapitia kwenye mparachichi, anaingia darini kwa upande wa pili. Tumetega mitego ya panya, wamepungua. Shore wanakuja kula ugali. Kiota hawajajenga tena.

Kabla ndugu hawajapanda kwa Krismasi nilishindwa kubeba uongo mbele ya watu wote wale. Nikaenda mpakani, nikakata jani la isale, nikalipiga fundo, nikasimama mlangoni jikoni. Mama alikuwa anachambua maharage. Akaliona jani, akaacha mikono kwenye ungo.

"Mama, nimekudanganya. Msumeno wa Elia haukuharibika."

"We mtoto," akasema, "msumeno gani unaharibika kiangazi kizima, na mimi nausikia kwa Samueli unakata?"

Kumbe alijua siku zote! Nikamuuliza mbona alininyamazia. Akasema alikuwa anasubiri aone nitachoka lini. Kisha akanyoosha mkono, akalipokea jani, akalifuta kwa khanga, akalichomeka palepale kwenye boriti ulipochomeka la Mzee Samueli. "Mimi umeniweza," akasema. Nikashusha pumzi. Nikadhani yamekwisha.

"Ya baba yako ukamwombe mwenyewe," akaongeza, mikono imesharudi kwenye maharage. "Siwezi kumpokelea mtu mwingine."

Nilikuja, Baba. Sijui kama uliniona. Nilisimama miguuni pako na jani jingine nimelishika kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, nikasubiri. Isale inapokelewa kwa mkono, na pale hapakuwa na mkono wa kuipokea. Nilisimama mpaka Mama akaniita chai. Nikaliacha juu ya saruji. Jumamosi iliyofuata nikalikuta limekauka, limejikunja, na moyo wangu ukawa uleule.

Nakuomba radhi kwa neno nililokupa nikiwa nimekushika mkono, nikalivunja. Nakuomba radhi kwa mayai ya shore wako na kwa kahawa yako. Kwa mti sijui nikuombe nini. Nikiupitia nikasikia kwale wanaitana chini yake, najua nikirudishwa Jumamosi ile nitamwambia Elia maneno yaleyale, na hapo ndipo ninapokosa usingizi, kwa sababu anayeomba msamaha anatakiwa awe amejuta yote. Mimi nimejuta sehemu. Ndiyo hali yangu, sitakudanganya na wewe.

Leo asubuhi nimekwenda mpakani na jembe. Safari hii sikukata jani. Nimeng'oa mche mzima wa isale, na mizizi yake na udongo wake, nikaupanda kichwani pako, nikaumwagilia kwa maji ya mfereji. Kwale wamepita wakati nashindilia, hawakunijali. Jani linakauka likingoja. Huu utangoja. Nitapanda kila Jumamosi kuumwagilia, na wewe chukua muda wako, siku ukiwa tayari useme lile neno lako moja.

Ni mimi binti yako, mbishi wako, niliyekuahidi.